Gema la bahari linameguka: tafuta maji yanakotoka kabla ya kupanda mti

Masika yakishaisha, watu wenye nyumba karibu na maji hapa Mombasa huniuliza swali moja: nipande nini ili gema, ule ukingo mkali wa ardhi juu ya maji, lisizidi kumeguka? Nami huwauliza kwanza: maji yanayolila yanatoka wapi? Karibu wote hunyoosha kidole baharini. Tukiteremka pamoja hadi chini, mara nyingi tunakuta bahari haijalifikia lile donda hata kwa bamvua, yale maji makubwa ya kujaa, na maji yenye kosa ni yale yanayotoka bafuni, kwenye bati la nyumba, au kwenye mtaro wa barabara uliokatishwa njiani.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kile unachokiona kwa macho, kisha tunarudi nyuma hadi kwenye sababu. Mimea ya asili ya pwani yetu ina nguvu ya ajabu, lakini haiwezi kushika udongo ambao bado unasukumwa kwa nyuma. Ukipanda kabla ya kujua sababu, utazika miche na pesa pamoja.

Kabla ya lolote, nenda mara tatu

Mara ya kwanza nenda maji yakiwa yamekupwa wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ili uone mguu wa gema wote. Mara ya pili nenda yakijaa siku hiyo hiyo. Kati ya kujaa na kupwa ni saa 6 na dakika chache, na hapa kwetu bamvua kubwa hupandisha maji karibu mita 4. Ukienda siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, utadanganyika, maana bahari itaonekana mpole, imekaa mbali. Jedwali la maji la bandari lipo, na mvuvi yeyote wa mtaa atakwambia bila jedwali.

Mara ya tatu, na hii ndiyo watu huikwepa, nenda mvua ikiwa inanyesha. Vaa koti, simama ukingoni kwa hatua salama, tazama maji ya juu yanapita wapi. Dakika 15 za mvua ya Mei zitakufundisha kuliko siku nzima ya kiangazi.

Tazama pia gema lenyewe ni la nini. Kisiwani, Nyali na Likoni mwambao mwingi ni mwamba wa matumbawe ya kale, yaliyokuwa miamba hai chini ya bahari zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Ukienda upande wa bara, Changamwe, Miritini na Jomvu, unakuta mawe laini ya tabakatabaka ambayo yakikaa hewani huoza yakawa mfinyanzi: kiangazi unapasuka, masika unavimba na kuteleza. Na ufuo wa Bamburi hadi Shanzu ni mchanga. Dawa ya mmoja si dawa ya mwingine.

Dalili ya kwanza: nyufa juu, sambamba na ukingo

Hii ndiyo dalili ya kuogopwa zaidi, na ndiyo inayodharauliwa zaidi kwa sababu ufa wenyewe huwa mwembamba, unaingia kidole tu, na majani yakiufunika hauonekani.

Ufa ulio sambamba na ukingo unasema kwamba kipande kizima cha gema kimeshaanza kuachana na mwenzake. Kwa kawaida sababu ni maji yaliyozama juu na kuufanya udongo uwe mzito na mtelezi, tena mara nyingi pakiwa na mzigo: tangi la maji, ukuta wa mawe, lundo la kokoto, au mti mrefu.

Nilikuwa Mikindani mwezi wa Februari, jua kali, kila kitu kimekauka rangi ya kahawia. Katikati ya gema la jirani mmoja kulikuwa na utepe wa kijani upana wa mkeka, matete na ndago zimestawi kama zimepandwa. Nikateremka kwa kamba, nikachomeka kidole. Udongo ulikuwa laini kama unga uliokandwa, na nilipoutoa mkono ulinuka sabuni ya kufulia. Karo lake, lile shimo la maji machafu, lilikuwa hatua sita kutoka ukingoni. Alikuwa ameshapanda mwarobaini kumi pale juu, yote imenyooka vizuri, yote inakunywa kutoka karo, na kila kusi, upepo wa kusini mashariki, ikivuma ile miti ilikuwa inatikisa gema kama mlingoti unavyotikisa mashua.

Ukiona kijani cha kiangazi katikati ya gema, jua kuna maji yasiyo ya mvua. Jaribio ni rahisi: jizuieni kumwaga maji ya kufua na kuoga kwenye karo hilo siku nne au tano, myapeleke kwingine, kisha rudi uchomeke kidole mahali pale pale. Unyevu ukipungua, umempata mwizi wako.

La kufanya:

Ondoa maji kwanza. Maji ya bati yakusanywe kwa mifereji yaingie tangini, na tangi likae nyuma ya nyumba, upande wa mbali na gema. Maji yanayofurika yapite ndani ya bomba hadi chini kabisa, yamwagike juu ya mawe, yasiachiwe katikati ya mteremko. Karo lihamishwe. Najua ni gharama, lakini hakuna mmea utakaoshindana na karo.

Ufa wenyewe ujaze kwa mfinyanzi ulioshindiliwa, ili mvua isiingie moja kwa moja. Usitie saruji. Gema linasogea na saruji haisogei, kwa hiyo mvua ya pili itapita ubavuni mwa saruji, na sasa hutaiona.

Miti mirefu iliyo ukingoni ipunguzwe matawi au ikatwe usawa wa kisiki, mizizi ibaki. Usiing'oe. Kisiki kinaendelea kushika udongo kwa miaka kadhaa, muda ambao vichaka vya chini vitakuwa vimekua.

Na kama nyumba iko karibu na ukingo kuliko urefu wa gema lenyewe, yaani gema mita 5 na nyumba iko mita 3, acha kusoma hapa. Tafuta mhandisi wa udongo. Ukiona ufa umepanuka usiku mmoja, au mlango uliokuwa unafunga leo haufungi, toa watoto na wazee kwanza, mengine baadaye.

Dalili ya pili: mikwaruzo kama ya vidole ikishuka mteremkoni

Mvua ikipita unaona vijifereji vingi vyembamba, vinaanza juu na kukutana chini. Msimu wa kwanza vinaingia kidole, wa pili vinaingia mguu, wa tatu mbuzi anajificha ndani.

Sababu ni udongo ulio uchi. Na hapa lazima niseme jambo ambalo kina mama na shangazi zangu hawalipendi: tunafagia mno. Uwanja msafi ni heshima ya nyumba kwetu, hilo silipingi, lakini ufagio ukipita hadi ukingoni kila asubuhi, jani halibaki, mbegu haibaki, na tone la mvua linaanguka juu ya ngozi tupu. Fagia uwanja. Ukibakiza hatua tano za mwisho, hizo ziachie majani.

Sababu ya pili ni njia. Watu wakiteremka kwenda kuvua au kuchukua chombo, hukata njia iliyonyooka moja kwa moja, na njia iliyonyooka ni mtaro. Usizibe njia hiyo kwa miiba, watakata nyingine pembeni na utakuwa na donda mbili. Ipindishe. Iende upande, igeuke, irudi, na kila kona uweke ngazi ya mawe. Mbuzi nao wafungwe angalau miezi sita ya kwanza. Mche wa wiki tatu ni tonge moja tu kwa mbuzi.

Mteremko uliokwaruzwa unatengenezwa kwa vizuizi vidogo vinavyokatiza, kufuata usawa wa mteremko. Piga vigingi, laza fito nyuma yake, kisha jaza makumbi ya nazi. Makumbi ni kitu bora ambacho tunacho bure: yanafyonza maji, yanashika mchanga, yanaoza polepole, na kufikia wakati wa kuoza mizizi imeshaingia. Kamba za usumba nazo zifungie fito. Nailoni hubaki ardhini na kunasa kaa na ndege. Tafadhali usinunue fito za mikoko kwa kazi hii. Nimeshaona kikundi kikiokoa gema moja kwa fito zilizokatwa kutoka gema la wenzao ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara. Mvinje unatosha.

Juu ya mchanga, mmea wa kwanza ni mlakasa, Ipomoea pes-caprae kwa jina la kitaalamu. Unaujua: ule unaotambaa ufuoni, majani mazito yamegawanyika mfano wa kwato za mbuzi, maua ya zambarau yanayofunguka asubuhi. Ukate utambi wa urefu wa mkono, uondoe majani ya nusu ya chini, ulaze mshazari ndani ya shimo na kufukia vifundo vitatu au vinne. Kila kifundo kitatoa mizizi. Mvua ya kwanza ikishaloweza mchanga ndipo unapopanda, si kabla. Katikati yake weka nyasi za pwani zile ngumu zenye ncha, zinazotambaa chini ya mchanga. Mlakasa unafunika, nyasi zinashona. Moja bila nyingine ni nusu ya kazi.

Kwenye mfinyanzi wenye chumvi, mlakasa hudumaa. Hapo tumia mboga ya pwani, ile yenye majani manene yenye maji ndani. Ukiing'ata ina chumvi, na hilo ndilo linalokwambia kwamba imezoea mahali pale. Nyuma zaidi, chumvi inapopungua, ndipo mahali pa mikindu na mitondoo. Mtondoo hukua taratibu na watu huchoka kuusubiri, lakini una mwavuli mpana na kivuli chake hakiui kila kitu chini yake.

Dalili ya tatu: gema linaliwa chini, juu linaning'inia

Hapa ndipo bahari inapoingia kweli. Lakini bado uliza ni bahari ipi.

Ikiwa ni mwamba wa matumbawe, lile pango jembamba linalokwenda usawa wa maji ni kazi ya maelfu ya miaka ya mawimbi, chumvi na viumbe wanaotafuna jiwe. Hakuna mmea utakaolizuia. Hata Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593 juu ya mwamba wa aina hiyo hiyo, ilibidi ijengewe ukuta wa kuvunja mawimbi upande wa bahari. Mwenye nyumba wa kawaida ana dawa mbili: asijenge karibu, na asiondoe vichaka vya asili vilivyojishika kwenye nyufa za jiwe juu. Vichaka hivyo vinaonekana duni, vimepinda, vimechomwa na upepo wa chumvi, na watu huvikata wapate mandhari. Ndivyo vinavyozuia maji ya mvua kupanua nyufa.

Ikiwa ni ufuo wa mchanga, angalia msimu kabla ya kupiga kelele. Wakati wa kusi, takriban Aprili hadi Septemba, mawimbi huja kwa nguvu kutoka kusini mashariki na kuusukuma mchanga kuelekea kaskazini. Kaskazi ikiingia, mwelekeo hugeuka. Ufuo unaweza kupungua kimo cha mtu Julai na ukarudi Februari. Piga picha mahali pale pale, kila mwezi, mwaka mzima. Mchanga ukirudi wote, gema lako haliumwi. Ukirudi pungufu kila mwaka, linaumwa.

Na likiwa linaumwa, tazama ni nani anayeondoa mchanga. Kuchota mchanga wa kujengea ni jibu la wazi. Lisilo wazi ni mwani. Kila kusi majani ya bahari hutupwa ufuoni marundo kwa marundo, yananuka, wageni hawapendi, basi hukokotwa na kutupwa mbali. Chukua konzi moja ya rundo hilo uitikise juu ya kitambaa cheupe: utaona mchanga unavyomwagika. Kila tela linaloondoka linaondoka na ufuo. Isitoshe rundo lile ndilo godoro linalopokea wimbi kabla halijafika guu la gema, na likizikwa na mchanga huwa mbolea ya mlakasa. Kama ni lazima kusafisha, ondoa plastiki kwa mkono, na mwani usogeze tu juu, chini ya gema.

Ikiwa uko horini, Tudor, Port Reitz au Mtwapa, na mguu wa gema unaliwa, swali ni moja: mikoko iliyokuwa mbele iko wapi? Tembea kwenye tope maji yakiwa yamekupwa utafute visiki. Ukivikuta, sababu umeipata.

Dalili ya nne: shimo pembeni mwa ukuta

Jirani amejenga ukuta wa mawe, wima, mzuri. Baada ya misimu miwili ufuo mbele yake umeshuka, msingi unaonekana, na pale ukuta unapoishia gema lako limeingia ndani kama limeng'atwa.

Wimbi likipiga mteremko wa mchanga hupanda, huchoka na kurudi polepole. Likipiga ukuta wima hurudi na nguvu zake zote, linachimba chini na kuzunguka ubavuni. Ukijenga ukuta wako kuendeleza wake, shimo litahamia kwa jirani wa pili. Kaeni chini pamoja. Mawe yaliyomwagwa mshazari kwenye mwisho wa ukuta hupunguza nguvu ya wimbi, na nyuma yake unaweza kupanda. Kazi kama hiyo ufuoni inahitaji kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, kabla ya jiwe la kwanza, na ni bora kuomba mkiwa nyumba zote kuliko kila mmoja na lake.

Dalili ya tano: mikoko tuliyopanda imekufa

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Tulipanda miche ya mkoko mia kadhaa mbele ya gema letu siku moja, vijana, wazee, watoto wa shule, na mfadhili aliyetaka picha. Tulipanda tope lililokuwa wazi kwa sababu lilikuwa wazi. Hakuna aliyeuliza kwa nini lilikuwa wazi. Kufikia mwezi wa nane ilikuwa imebaki vijiti. Nilikwenda peke yangu maji yakiwa yamekupwa, nikang'oa mche mmoja. Shina lote, kutoka chini hadi kwenye jani la mwisho, lilikuwa limevikwa vile vigamba vyeupe vikali vinavyoganda chini ya mashua. Mche unene wa kalamu ulikuwa umebeba mzigo unene wa muhogo, ukalala kwenye tope na kukosa hewa.

Vigamba hivyo vinakwambia jambo moja: umepanda chini mno. Mche unakaa majini muda mrefu kupita kiasi kila siku. Dawa si kukwangua vigamba, ni kupanda juu zaidi.

Kila mkoko una daraja lake. Mbele kabisa kwenye bahari hukaa mlilana. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, Rhizophora mucronata, wenye mizizi ya kusimamia kama magongo. Kisha muia, kisha mkandaa. Mchu ni wa pekee: unapatikana mbele na unapatikana nyuma kabisa kwenye chumvi kali, palipokauka. Kenya ina aina 9, na kila moja ilijichagulia mahali kabla ya sisi kufika. Njia ya uhakika ni kutafuta kipande cha msitu kilicho hai upande ule ule wa hori, kupima mkoko wa asili ulio chini kabisa umesimama usawa gani, na kutoshuka chini ya usawa huo hata hatua moja. Bomba la plastiki lenye maji ndani na mtu wa kila upande linatosha kuhamisha usawa huo hadi kwenu, kama mafundi wanavyopima msingi.

Vifo vingine vina alama zake.

Mche umekatwa safi au mbegu imetafunwa: ni kaa. Kaa wanapenda mbegu mbichi. Zianike kivulini siku kadhaa kabla ya kupanda, zipungue utamu, au anza na kitalu na uhamishe miche yenye majani manne au zaidi. Kaa mwenyewe usimuue, mashimo yake ndiyo yanayopitisha hewa kwenye tope.

Majani yamekuwa njano na mche haukui: tope limejifunga, maji hayapiti. Tafuta kizuizi. Inaweza kuwa kifusi, barabara, mtaro uliozibwa. Mfano mkubwa tunao hapa hapa: kwa miongo mingi barabara iliyojazwa mawe pale Makupa ilizuia maji kupita pande zote mbili, hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 2022. Ukifungua njia ya maji, mara nyingi mikoko hurudi yenyewe, mbegu zikiletwa na maji, na hutahitaji kupanda hata mmoja.

Miche imefukiwa, mizizi ya kupumulia haionekani: udongo unashuka kutoka juu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilibeba matope mengi ya Mto Mwache hadi yakafunika mizizi, na mikoko mikubwa ikafa imesimama. Ukiona hivyo kwako, kazi yako iko juu mtoni au juu ya gema, rudi kwenye dalili ya pili.

Mche umelala, umefungwa na mfuko wa plastiki au majani ya bahari: weka zamu ya kusafisha baada ya kila bamvua kwa mwaka wa kwanza. Kikundi kisicho na zamu kisipande.

Mbegu haikuota kabisa: ilichumwa mbichi. Ya mkoko iliyokomaa ina pete ya manjano shingoni, pale inapoachana na kifuko chake, na ukiigusa inachomoka yenyewe. Ukilazimika kuivuta, iache. Chomeka theluthi moja ya urefu ndani ya tope, ncha chini, mita moja kutoka mwenziwe. Nimeona watu wakichomeka kichwa chini. Hiyo nayo ni sababu ya kifo.

Na kumbuka mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932. Iwe unapanda au unakata, Huduma ya Misitu ijue. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, wako hapa Mkomani, nao wamefanya kazi hii kwa miaka mingi. Laiti tungebisha hodi kwao kabla ya picha ile, tusingepoteza miche yetu.

Dalili ya sita: mivinje inaanguka na gema

Mvinje unapendwa kwa sababu unakua haraka na hauogopi chumvi. Lakini ufuoni mizizi yake mingi hutambaa juu juu, na wimbi likishaingia chini, mti mzima unaanguka na sahani ya udongo upana wa chumba. Chini yake pia hakuna kinachoota, yale majani yake kama sindano yanafunika kila mbegu.

Simtukani mvinje. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kuotesha miti kwenye machimbo ya matumbawe ya Bamburi, mahali palipokuwa jiwe tupu, alijaribu aina 26 na zilizostahimili ni chache mno, mvinje ukiwa mbele. Sindano hazikuoza hadi mijongoo ilipoletwa ikazitafuna zikawa udongo, na miti mingine ikafuata. Hilo ndilo la kuiga: mvinje ni mlezi, si mrithi. Kama unao ukingoni, anza kuupunguza mmoja baada ya mwingine, kila nafasi ya mwanga inayofunguka upande mtondoo, mkindu au kichaka cha asili kilichoota karibu. Ukikata yote siku moja, kusi ijayo itaondoka na gema.

Vivyo hivyo kwa mwarobaini, lantana na lukina zilizovamia. Punguza kwa mistari, panda, subiri zishike, kisha ingia mstari unaofuata.

Kujua kama dawa imefanya kazi

Piga vigingi vitatu vya chuma juu ya gema, mita 2, 4 na 6 kutoka ukingoni, kwa mstari mmoja. Pima kutoka kigingi cha mbele hadi ukingo siku utakayoanza, andika kwenye daftari, kisha pima tena baada ya masika, baada ya kusi, na baada ya vuli. Tumia kamba ile ile na mtu yule yule kama inawezekana.

Bamvua kubwa kuliko zote huja karibu na Machi na Septemba. Ya Machi ina faida, kwa sababu masika bado: ikipita na kipimo kikabaki kile kile, una wiki chache za kuandaa makumbi na kukata tambi za mlakasa kabla mvua haijaanza. Ukingo ukisogea kiangazi hicho, pasipo mvua wala wimbi kulifikia gema, weka jembe chini urudi kunusa udongo.